Gavana Aliyekula Meza Moja na Vibarua

Maneno haya niliyasema jioni moja hapa Winooski, Vermont, mbele ya wakulima wenzangu wanaozungumza Kiswahili, mavuno yalipokwisha. Nimeyaandika kwa kuwa waliokosa kufika wameyaomba.

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, shikamooni. Ndugu zangu wa Uvira na Fizi, wa Bujumbura na Makamba, wa Kigoma na Kasulu, na ninyi vijana mliojibanza huko nyuma karibu na mlango, njooni mbele, viti vipo. Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mtaingia zamu ya usiku tukitoka hapa. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye habari niliyokuja nayo.

Nimeombwa nizungumze habari za mkulima, nami nimemchagua mkulima ambaye jina lake tunalitamka kila wiki bila kumjua. Sisi tunaokaa Winooski, wenzetu wa Burlington, na kule Williston tunakokwenda kwenye maduka makubwa, wote tumo ndani ya Kaunti ya Chittenden. Niliwauliza wanangu Chittenden ni nani. Mmoja akasema ni mto. Mwingine akasema labda ni Mhindi Mwekundu wa zamani. Sikuwalaumu, maana mimi mwenyewe nilikaa hapa miaka mingi kabla ya kuuliza.

Thomas Chittenden alizaliwa tarehe 6 Januari 1730 East Guilford, kwenye koloni la Connecticut, baba yake akiwa mkulima. Shule hakukaa sana. Inasimuliwa kwamba alipofika miaka kumi na minane akatamani kuiona dunia, akapanda meli ya biashara iliyokuwa ikienda visiwa vya Karibi. Manowari ya Wafaransa ikawakamata njiani, na kijana akajikuta ufukweni hana kitu, hana mtu. Aliporudi nyumbani alisema bahari basi. Mwaka 1749 akamwoa Elizabeth Meigs, wakahamia Salisbury, na huko wakaanza shamba. Mungu akawajalia watoto kumi, wavulana wanne na wasichana sita.

Salisbury ndiko siasa ilikomkuta. Majirani walimfanya hakimu wa amani, mtu wa kuamua ugomvi wa mipaka na ng'ombe waliovunja ua. Wakamtuma kwenye bunge la koloni kati ya 1765 na 1769. Kwenye jeshi la mgambo aliingia kama askari wa kawaida akafika cheo cha kanali. Yote hayo aliyafanya huku analima. Alikuwa na jicho moja tu linaloona, na mahasimu wake wakambandika jina la Tom Chongo. Jina hilo halikumzuia kitu.

Sasa sikilizeni aliyoyafanya akiwa na miaka arobaini na minne, umri ambao mtu mwenye shamba lake tayari hutulia. Mwaka 1774 aliuza vyake, akamchukua mke na watoto, wakaelekea kaskazini zaidi ya kilomita 250, wakaingia kwenye msitu uliokuwa hauna barabara, mpaka ukingo wa mto huu huu unaopita hapo nje. Waingereza waliuita Mto wa Vitunguu. Jina lake la asili, Winooski, ni la Waabenaki, wenyeji wa nchi hii, na maana yake ni hiyo hiyo, mahali pa vitunguu pori. Alinunua ardhi ya bondeni Williston, ile ardhi nyeusi ambayo mto huileta na kuiacha. Akaanza na shoka. Mnajua kufyeka pori la kwetu ni kazi gani. Hapa ongezeni theluji ya miezi mitano.

Lakini jambo lililonifanya nimpende mtu huyu halikuwa msitu. Ilikuwa karatasi.

Ardhi yote hii ilikuwa imeuzwa mara mbili. Kuanzia 1749 gavana wa New Hampshire, Benning Wentworth, alikuwa akigawa miji kwenye nchi iliyo magharibi ya Mto Connecticut, zaidi ya miji mia, na katika kila mji akijiwekea ekari 500 zake binafsi. Williston ilipata hati yake mwaka 1763. Mwaka uliofuata, 1764, mfalme wa Uingereza akaamua kwamba mpaka wa New York ni ukingo wa Mto Connecticut, maana yake nchi yote hiyo ni ya New York. Serikali ya New York ikaanza kugawa mashamba yale yale kwa watu wengine. Mkulima aliyekwisha kulipa mara moja, aliyekwisha kung'oa visiki na kujenga nyumba, akaambiwa alipe tena au atoke. Mwaka 1770 kesi zilipelekwa Albany, mji ulio ndani ya New York, na mahakama ikakataa hata kuzipokea hati za New Hampshire kama ushahidi. Wakulima walirudi milimani na chini ya Ethan Allen wakaunda kikosi cha kuwafukuza wapimaji na maofisa wa New York.

Nikisoma habari hii namwona marehemu baba. Alipanda michikichi kwenye mteremko, na mipaka yake aliijua kila mzee wa kijiji. Ilipoanza kuzaa, akaja mtu na karatasi yenye muhuri, kutoka ofisi ambayo baba hakuwahi kuikanyaga. Yule bwana hakuwa na hata kigingi kimoja alichokipigilia kwenye ardhi ile. Baba aliitwa, akaulizwa yako iko wapi. Akaonyesha mikono. Nilikuwa mdogo lakini nilimwona: aliinua mikono yote miwili, viganja mbele, kwa kuwa ndivyo vitu pekee alivyokuja navyo. Mteremko ulikwenda na michikichi yake, na hakupewa senti. Najua humu ndani kuna wengi wenye baba kama huyo.

Chittenden alipoinunua ardhi ya Williston mwaka 1774 alijua ugomvi huo vizuri kabisa. Alinunua kwa hati ya New Hampshire, ile iliyokuwa imekataliwa Albany. Kwa hiyo siku vita vya Marekani vya kudai uhuru vilipoanza, watu wa milima hii walikuwa na mahasimu wawili, mfalme upande mmoja na New York upande mwingine, na New York ilikuwa ndani ya ule umoja uliopigana na mfalme. Mwaka 1776 jeshi la Wamarekani liliporudi nyuma kutoka Kanada, bonde hili lilibaki wazi, na Chittenden akaiacha nyumba yake na kukimbilia kusini na familia. Hapa sihitaji kueleza. Mtu kuacha mazao shambani na kuondoka na watoto tu, hiyo tunaijua.

Januari 1777 wajumbe wa vijiji walikutana Westminster wakatangaza kwamba nchi yao si ya New York wala ya New Hampshire, ni nchi huru. Chittenden alikuwamo kwenye kamati hiyo, na alikuwa mmoja wa waliopelekwa Philadelphia kuomba Kongresi, baraza la ule umoja uliopigana na mfalme, iwatambue. Kongresi haikuwatambua, iliogopa kuiudhi New York. Julai mwaka huo wakakutana Windsor, kwenye nyumba ya wageni, kuandika katiba. Walipokuwa wakimalizia, tarehe 8, habari zikafika kwamba ngome ya Ticonderoga imeangukia mikononi mwa Waingereza, na njia ya kufika kwenye nyumba zao iko wazi. Wengi walitaka kuondoka saa ile ile. Inasimuliwa kwamba mvua kubwa ya radi iliwazuia, wakakaa, wakaipitisha katiba, wakaunda Baraza la Usalama, wakamweka Chittenden kuwa mwenyekiti wake. Machi 1778 wakamchagua gavana wa nchi yao hiyo, Vermont.

Ile katiba ilisema nini? Ilisema kila mwanamume huru aliyefika miaka 21 na kukaa mwaka mmoja atapiga kura, awe na mali, asiwe nayo. Jirani yao New York ilitaka kwanza uonyeshe mali. Ilisema pia kwamba mwanamume wa zaidi ya miaka 21 na mwanamke wa zaidi ya miaka 18 hawawezi kushikwa utumwa. Ilikuwa katiba ya kwanza katika nchi hizi kusema hivyo. Nami nitasema na upande wa pili, kwa kuwa tunaongea kama watu wazima: mtoto mweusi hakulindwa na maneno yale, na wapo wenye nguvu walioyapuuza. Pengo lile limezibwa juzi tu, Novemba 2022, kwa kura.

Na ilisema gavana atachaguliwa kila mwaka. Si miaka mitano, si minne. Kila mwaka mkulima yule alirudi mbele ya wakulima wenzake kuulizwa umefanya nini. Aliongoza kuanzia 1778 mpaka 1797, akiachia mwaka mmoja tu katikati, nitakaousema.

Fedha za kuendesha vita zilitoka wapi? Swali zuri, mzee wangu, nimekuona ukiinua kidole. Walinyang'anya mali za waliobaki upande wa mfalme wakaziuza, na wakauza ardhi iliyokuwa haijagawiwa. Kwa miaka ya mwanzo karibu hawakutoza kodi. Ilikuwa dawa kali, na waliokuwa wakinyang'anywa nao walikuwa wakulima. Lakini ndiyo iliyowafanya watu maskini wa New Hampshire na New York wapige hodi, wakiomba vijiji vyao vihesabiwe Vermont. Vermont ikavikubali, mpaka tarehe 1 Januari 1782 George Washington mwenyewe akamwandikia Chittenden barua kumshauri aviachie. Februari wakaviachia. Kati ya hapo Chittenden na wenzake wachache walikuwa wakizungumza kwa siri na Haldimand, gavana wa Waingereza kule Quebec, wakimwachia matumaini kwamba Vermont huenda ikarudi kwa mfalme. Wapo wanaosema ulikuwa usaliti, wapo wanaosema ilikuwa akili ya kulizuia jeshi lake. Mimi naona mtu aliyezungukwa na majirani watatu wenye nguvu, na mmoja tu kati yao anayekubali kuzungumza.

Lakini hayo ni mambo ya wakubwa. Nataka turudi shambani, kwa kuwa nimewaita kwa ajili ya sheria moja.

Vita vilipotulia kesi za ardhi zilijaa mahakamani. Mtu alikuwa ameingia kwenye kipande kwa moyo safi, amelipa, anaamini hati yake ni nzuri. Miaka kumi amefyeka, amejenga ghala, amepanda miti ya matunda. Kisha anakuja mwingine mwenye hati iliyo kongwe au safi zaidi. Sheria ya Kiingereza waliyoirithi ilikuwa na jibu fupi: mwenye hati achukue ardhi pamoja na vyote vilivyo juu yake. Mawakili waliosoma waliona hivyo ndivyo haki ilivyo. Chittenden, ambaye hakusoma sheria, akasema sivyo.

Mwaka 1781 bunge la Vermont likapitisha sheria ya maendelezo, na 1785 likaitengeneza upya. Ilisema hivi: sawa, hati nzuri zaidi ndiyo itakayoshinda. Lakini aliyeingia kwa nia njema asitoke mikono mitupu. Thamani ya kazi aliyoifanya ipimwe, alipwe. Tena 1785 wakaongeza kwamba ardhi yenyewe ikiwa imepanda bei katika miaka aliyokaa, nusu ya ongezeko hilo ni yake, kwa kuwa ardhi ya porini haipandi bei yenyewe. Inapanda kwa sababu watu wamekaa, wamekata njia, wamejenga kinu cha kusaga. Nathaniel Chipman, mwanasheria aliyeheshimika kuliko wote hapa, aliipinga mwanzoni. Chittenden aliisimamia.

Mama mmoja aliniuliza juzi kwa nini nimeishikilia sana sheria ya watu waliokufa zamani. Ni kwa sababu ya ile mikono. Sheria ile iliikubali mikono kuwa ushahidi. Mtu aliyewahi kuinamia mche tu ndiye anayeweza kufikiria kwamba jasho lina hesabu yake kando ya karatasi. Ethan Allen alisema juu ya Chittenden kwamba ndiye mtu pekee aliyemjua ambaye angepata jibu sahihi kwenye jambo gumu kabisa, na ukimuuliza amelipataje asiweze kukueleza. Wengine huchukulia ni mzaha juu ya mtu asiyesoma. Mimi nasema alikuwa anajua, ila alijua kwa njia ambayo haikuwa na maneno ya mahakamani.

Na madeni nayo. Mwaka 1786 wakulima walibanwa, fedha hakuna, wadai wanawapeleka kortini kila siku. Kule Massachusetts mambo yaliishia kwenye bunduki. Agosti Chittenden aliwaandikia wananchi barua ya wazi. Aliwaambia kesi ni nyingi mno na zinawamaliza, akapendekeza kesi zenyewe zitozwe kodi ili zipungue. Akawaambia walime kitani na wafuge kondoo wa sufu, wajishonee nguo zao badala ya kununua vitambaa vya kutoka ng'ambo kwa mkopo. Ni maneno ya mtu anayejua bei ya shati.

Habari ya meza sasa, maana najua watoto wameisubiri, nimewaahidi tangu jana. Inasimuliwa kwamba siku moja walifika wageni wakubwa nyumbani kwa gavana, watu wa mjini, nguo safi. Wakati wa chakula cha mchana vibarua wakaingia kutoka shambani, wakanawa, wakakaa kwenye meza ile ile. Wageni wakatazamana. Mama Elizabeth akaliona. Akawaambia kwa kawaida nyumbani kwake huandaliwa meza mbili, ya kwanza ya wafanyakazi, kwa kuwa wao ndio waliochoka, na ya pili ya wengine. Leo, kwa kuwaheshimu ninyi wageni, tumeona mle pamoja na wafanyakazi. Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama yule alianza na wenye jembe siku ya kwanza. Na mezani pake walipita watu. Mkwe wao mmoja, Matthew Lyon, aliletwa Marekani kutoka Ireland akiwa kijana wa kulipia nauli kwa utumishi, na deni lake lilibadilishwa kwa madume mawili ya ng'ombe. Mwaka 1797 aliingia Kongresi.

Sasa yasiyopendeza. Chittenden alipata ardhi nyingi sana katika uongozi wake, maelfu ya ekari kwenye miji mbalimbali, kuliko mkulima yeyote anavyoweza kulima. Na alimpa rafiki yake Ira Allen, mpima ardhi mkuu na mweka hazina, hati ya mji mzima wa Woodbridge bila idhini ya baraza. Jambo lilipofichuka, mwaka 1789, kura zake hazikufika nusu, na bunge likamchagua Moses Robinson. Huo ndio ule mwaka mmoja. Mwaka 1790 wakamrudisha. Mimi napenda kwamba waliweza kumtoa, na napenda kwamba hakugoma.

Kubwa kuliko hilo ni Waabenaki. Katika ugomvi wote wa hati mbili, wakili wa huyu na wakili wa yule, hakuna aliyeuliza ardhi ilikuwa ya nani kabla ya karatasi ya kwanza. Hata ile sheria nzuri ya maendelezo haikuwahesabia wao chochote, na walikuwa wamelima mahindi na maharage kwenye mabonde haya kabla ya Mzungu yeyote. Siwezi kumsifu Chittenden mbele yenu nikaliruka hilo. Sisi tunaolima leo ukingoni mwa mto wenye jina lao tunapaswa angalau kulitamka vizuri.

Januari 1791 aliongoza mkutano wa Bennington ulioamua kujiunga na Marekani. New York ililipwa dola 30,000 madai yakafutwa, na tarehe 4 Machi Vermont ikawa jimbo la 14. Miaka kumi na minne walikuwa wamejitawala. Muhuri wao, tangu 1779, una msonobari, una miganda ya ngano, na una ng'ombe. Utazameni mkiuona kwenye karatasi za serikali, yule ng'ombe yumo.

Baada ya vita alirudi Williston, kwenye bonde lake. Alifariki huko tarehe 25 Agosti 1797, na kaburi lake lipo hapo hapo.

Mnakumbuka Julai 2023, mto ulivyopanda ukafunika mashamba yetu pale Intervale. Mimi nilikuwa na lengalenga iliyofika kiunoni, nyanya chungu zimeanza kuweka maua, na mahindi ambayo mama watoto alikuwa akiyahesabu mistari. Tuliambiwa tusile kitu chochote kilichoguswa na maji yale. Nilisimama kwenye tope nikiwa na mabuti, nikang'oa mche mmoja kuutazama mizizi, na mizizi ilikuwa mizuri, myeupe, mizima. Mwaka uliofuata, Julai hiyo hiyo, maji yakarudi. Maji hayo yalipita kwanza Williston, kwenye ile ardhi nyeusi aliyoifyeka yeye, ndipo yakatufikia sisi.

Tangu 2021 sheria ya Winooski inamruhusu mkazi halali, hata asiye raia, kupiga kura kwenye mambo ya mji na bajeti ya shule. Jumanne ya kwanza ya Machi ndiyo siku yake. Mwaka huu nilipokwenda niliwaona wenzetu wachache, ninaweza kuwataja kwa vidole vya mkono mmoja. Bi mkubwa mmoja wa Fizi alikuja na fimbo yake kwenye barafu, akauliza karatasi inasema nini juu ya mifereji ya maji, akasomewa, akauliza tena, ndipo akaweka alama yake. Karani alimsubiri mpaka alipomaliza.